Anayekupiga Anapokuwa Ndiye Mtunza Siri Yako

Siku za mwanzo za Januari 2023, sanduku la chuma lilipatikana limetupwa kando ya barabara katika kaunti ya Uasin Gishu, Kenya. Ndani yake mlikuwa na mwili wa Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi na mwanamitindo wa miaka 25, aliyejulikana Eldoret na mitandaoni kwa mavazi yake na kwa kutoficha kwamba alikuwa shoga. Habari ilienea kabla hata maiti haijafanyiwa uchunguzi, na walioipokea wengi wao walikuwa na jibu tayari: ameuawa na watu wasiopenda alivyo. Watetezi wa haki za binadamu walilaani chuki. Wapo pia walioshangilia, na hilo tusilifiche.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Desemba 2024 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimfunga miaka 50 mpiga picha aliyekuwa akiishi na marehemu nyumba moja, na ambaye magazeti yalimtaja kuwa mpenzi wake. Muuaji hakuwa genge lililomvizia gizani. Alikuwa mtu mwenye ufunguo wa mlango.

Mwanamke anapouawa na mumewe, siku hizi Kenya ina maneno ya kuzungumzia jambo hilo. Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine wakipinga mauaji ya wanawake, na maswali yaliyoulizwa ni yale yanayostahili: majirani walisikia nini, polisi waliambiwa lini, kwa nini marehemu hakuwa na pa kwenda. Kwa Chiloba maswali hayo hayakuulizwa sana. Mjadala uling'ang'ania kama ilikuwa halali kwake kuishi alivyoishi, na dhuluma za nyumbani zikapita pembeni bila kutajwa jina.

Hasara ya ukimya huo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu akishambuliwa barabarani kwa sababu ya alivyo, hukimbilia nyumbani. Akishambuliwa nyumbani na yule anayejua alivyo, kila mlango atakaobisha utamtaka aanze kwa kueleza jambo alilolificha miaka yote. Huyu aliyekupiga ni nani wako? Polisi atauliza, daktari atauliza, mama mzazi atauliza kabla ya wote. Manusura wengi hudanganya hapo hapo: ni rafiki, ni mtu tuliyepanga naye chumba, ni wezi, nimeanguka bafuni. Uongo ukishaandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kuja kuurekebisha mbele ya hakimu ni kazi nyingine.

Wanaowahudumia watu hawa, Nairobi au London, husikia tishio lile lile: nitakuanika. Nitampigia mama yako. Picha zetu nitazituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mwenye nyumba atajua, mwalimu mkuu wako atajua. Mwanamke aliyeolewa huanza kuogopa siku ya kofi la kwanza. Hapa kofi linaweza lisihitajike kabisa, maana simu iliyofunguliwa ukurasa wa namba ya mama mkwe asiyejijua kuwa ni mama mkwe inatosha kumfanya mtu akabidhi mshahara wake mwisho wa mwezi.

Silaha nyingine hufuata hiyo. Anayeishi na VVU hufichiwa dawa zake, kisha huambiwa kuwa siri ya pili itaifuata ya kwanza. Aliyebadili jinsia hunyimwa homoni, hunyang'anywa kitambulisho, au huitwa kwa makusudi mbele za watu kwa jina aliloliacha. Na kwa kuwa katika mji kama Kisumu au Mombasa wapenzi wa jinsia moja hujuana karibu wote, kumuacha mtu ni kuacha pia marafiki, mahali pa kukaa Jumamosi jioni, pengine hata kliniki inayokupokea bila maswali, kwa sababu yeye naye hutibiwa hapo. Aliyefukuzwa kwao miaka mitano iliyopita hana kwao pa kurudi. Yule anayempiga ndiye ndugu aliyebaki, na mpigaji mwenyewe anajua hilo.

Kuna dhana kwamba dhuluma za ndani ni mambo ya mume na mke tu. Kwamba wanawake wawili wakigombana hizo ni kelele, na wanaume wawili wakipigana ni ngumi za wanaume. Takwimu hazikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 2013 kituo cha Marekani cha udhibiti wa magonjwa, CDC, kilitoa matokeo ya utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010. Kati ya wanawake wanaopenda wanaume, asilimia 35 walikuwa wamewahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenza. Kwa wanawake wanaopenda wanawake ilikuwa asilimia 44, na kwa wale wanaopenda jinsia zote asilimia 61. Upande wa wanaume ilikuwa asilimia 29 kwa wanaopenda wanawake, 26 kwa mashoga na 37 kwa wanaopenda jinsia zote. Usizisome kwa pupa namba hizi. Karibu asilimia 90 ya wanawake wanaopenda jinsia zote waliokumbwa na ukatili walisema waliowatendea walikuwa wanaume peke yao, kwa hiyo mwenye kutaka kuzitumia kuonyesha kwamba mapenzi ya jinsia moja ndiyo yenye ngumi atakwama mapema.

Kenya nayo ina utafiti wake wa afya na idadi ya watu, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake na 27 ya wanaume wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Katika majedwali yake hakuna safu ya watu tunaowazungumzia hapa.

Sheria ya Kenya inastahili kusomwa polepole kuliko inavyosomwa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ilipitishwa mwaka 2015, na sidhani kuna mbunge aliyeipigia kura akiwafikiria mashoga. Lakini tazama ilivyoandikwa. Uhusiano wa nyumbani, kwa mujibu wake, si ndoa tu. Unajumuisha watu wanaoishi katika kaya moja, watu wa familia moja, na watu walio na uhusiano wa karibu wa kibinafsi. Dhuluma yenyewe si kipigo tu. Ni pamoja na kunyanyaswa kiuchumi, kuandamwa, kutishwa, kuharibiwa mali, kufungiwa nje ya nyumba unayoishi, na kuumizwa kisaikolojia kwa matusi na vitisho vya kila mara. Mtu aliyefikwa na hayo anaweza kuomba mahakama impe amri ya ulinzi, na amri ya muda inaweza kutolewa hata kabla mtuhumiwa hajaitwa kujieleza.

Sasa rudi kwenye chumba cha wanaume wawili Eldoret, au wanawake wawili Githurai. Wanaishi kaya moja. Basi. Mwombaji hahitaji kuieleza mahakama walilala kitanda kimoja au viwili. Anachopaswa kuonyesha ni kwamba anaishi na fulani na kwamba fulani anamdhuru. Wakili anayejua kazi yake ataandika hati ya kiapo yenye ukweli mtupu na isiyo na neno hata moja la kumfunga mteja wake.

Kinachomtisha mteja huyo ni sheria nyingine. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa Waingereza, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa wanaolala pamoja kinyume na kile kinachoitwa maumbile, na kifungu cha 165 kinawalenga wanaume kwa miaka mitano. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Roselyn Aburili, Chacha Mwita na John Mativo, walikataa kuvifuta. Kwa kawaida mashtaka chini ya vifungu hivyo ni machache. Kazi kubwa ya vifungu vyenyewe hufanyika nje ya mahakama, mdomoni mwa mwenza anayesema: nenda polisi basi, tuone nani atalala ndani. Hii ndiyo sababu nadhani mjadala wa kufuta au kutofuta kifungu cha 162, muhimu ulivyo, umewafanya wengi wasubiri mlango mkubwa ufunguke huku kuna mlango wa pembeni ambao tayari hauna kufuli. Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa umma au kwa mtu binafsi. Hapo pameandikwa kila mtu.

Mahakama yenyewe imewahi kutenganisha mambo haya mawili, marufuku ya kifungu hicho na haki za mtu. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliamua kuwa ni ubaguzi kukataa kulisajili shirika la NGLHRC, linalowapa mashoga na wasagaji msaada wa kisheria, kwa sababu tu ya jina lake na watu linaowahudumia. Kulikuwa na makelele bungeni na misikitini na makanisani. Uamuzi haukukifuta kifungu cha 162. Ulichosema ni kwamba hata mtu ambaye sheria inamtazama kwa jicho baya hapotezi haki zake nyingine, na ukiitafakari hoja hiyo utaona inamtosha pia manusura anayesimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Hospitali ni hadithi ndefu zaidi. Aliyebakwa, awe mwanamke au mwanamume, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 haikusema kwamba anayebakwa ni mwanamke tu wala anayebaka ni mwanamume tu. Kwa hiyo mwanamume aliyebakwa na mpenzi wake ana kesi kamili. Lakini fikiria anachokijua yeye. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitali kwa amri ya hakimu na kuchunguzwa sehemu zao za siri kwa nguvu ili upatikane ushahidi wa ushoga. Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna kosa. Ilibidi Mahakama ya Rufani, Machi 2018, iseme kuwa uchunguzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Uamuzi huo ni wa miaka mingi sasa, ila hofu yake haikufutwa na karatasi ya mahakama. Mtu aliyeumizwa sehemu hizo hizo anaogopa kwamba kipimo kitakachomtibu ndicho kitakachomshitaki. Muuguzi anayelijua hili humwambia kabla ya kugusa chochote: unachunguzwa kwa sababu umeumizwa, fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, haina nafasi ya kuandika unampenda nani, na una haki ya kukataa hatua yoyote. Sentensi tatu. Hazigharimu bajeti ya wizara.

Kituo cha Gender Violence Recovery Centre cha Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikiwapokea manusura wa ukatili tangu mwaka 2001, na namba ya simu 1195 hupokelewa bure usiku na mchana. Huduma hizo ziko wazi kwa kila mtu. Lakini mtu anayeogopa kuanikwa husikiliza jambo moja tu anapopiga: sauti ya upande wa pili itabadilika au haitabadilika atakapotaja jinsia ya mwenza wake?

Halafu kuna swali gumu ambalo wahudumu waliozoea kesi za mume na mke huwa hawajajiandaa nalo: kati ya hawa wawili, nani ni nani? Polisi akikuta mume na mke, hufanya hesabu ya haraka, mara nyingi sahihi. Akikuta wanawake wawili, wote wana mikwaruzo, wote wanalia, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Kinachofuata ni kuwakamata wote au kuwaacha wote, na kote kuwili anayedhulumiwa ndiye anayeumia. Wengine hukisia kwa umbo: mwenye misuli, mwenye nywele fupi, ndiye mkosaji. Ni ukisiaji wa hovyo.

Shirika la The Network/La Red la Boston, lililoanzishwa mwaka 1989, limejijengea jina kwa kulifanyia kazi swali hilo. Haliulizi nani alipiga kwanza. Linauliza kuhusu mamlaka ndani ya nyumba. Nani anamuogopa nani? Nani huomba ruhusa ya kwenda kumwona dada yake? Nani anashika simu ya mwenzake, nani anajua nywila za wote wawili? Mkigombana, maisha ya nani ndiyo yanayobadilika kesho yake? Aliyerusha kikombe mara moja baada ya miaka miwili ya kufungiwa ndani anaweza kuwa ndiye manusura, na aliyekuja na kidonda anaweza kuwa ndiye anayetesa. Bila kuuliza hivyo, makao ya kuhifadhi wanawake yanaweza kumpokea mtesaji Jumatatu na anayeteswa Jumatano, kwa kuwa wote ni wanawake na wote wamejieleza vizuri mlangoni.

Hapa kwetu makao yenyewe ni machache, mengi yanaendeshwa na mashirika na makanisa, na yamejengwa kwa ajili ya wanawake na watoto. Kijana wa kiume hana pa kuingia. Mwanamke aliyebadili jinsia husimamishwa getini wakijadili kitambulisho chake. Kinachofanyika badala yake ni cha mkono kwa mkono: chumba cha rafiki, nauli ya matatu ya usiku, wiki mbili za kodi zilizochangwa na watu ambao wenyewe hawana. Uingereza walikuwa na simu maalumu ya msaada ya Broken Rainbow hadi shirika hilo lilipofilisika na kufungwa mwaka 2016, ikabidi Galop, shirika lililoanza mwaka 1982 likifuatilia mienendo ya polisi kwa mashoga, liichukue kazi hiyo. Ikiwa nchi tajiri iliponea chupuchupu kuipoteza simu moja, si ajabu kwamba Kisii hakuna.

Wapo watakaosema kwamba kumlinda mtu huyu dhidi ya mwenza wake ni kuhalalisha uhusiano wao, na kwamba ndoa ya jinsia moja itafuata. Tuangalie nchi zilizokwisha kupita njia hiyo. Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Dhuluma za Nyumbani mwaka 1998, nayo ikataja waziwazi wanaoishi pamoja kama wanandoa, wawe wa jinsia moja au tofauti. Sheria ya ndoa hizo ilikuja mwaka 2006. Marekani iliingiza katazo la kuwabagua manusura kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi katika sheria yake ya ukatili dhidi ya wanawake Machi 2013. Ndoa nchi nzima zilikuja 2015. Msomaji asiyependa anaweza kusema: si unaona, zilifuata? Zilifuata, kwa kesi nyingine na hoja nyingine kabisa. Ninachokiona mimi ni kwamba nchi hizo hazikungoja zikubaliane kuhusu ndoa ndipo zizuie mtu asivunjwe mbavu.

Uganda ilikwenda upande wa pili. Sheria yake dhidi ya ushoga iliyosainiwa Mei 2023, pamoja na kifungo cha maisha na hata adhabu ya kifo kwa makosa iliyoyaita mazito zaidi, ilikuwa na kifungu cha 14 kilichomtaka anayejua au kushuku kosa hilo atoe taarifa polisi, na vingine vilivyomtia hatiani anayewapangishia nyumba. Chini ya maneno hayo, jirani anayemfungulia mlango manusura saa nane ya usiku amejiweka mwenyewe hatarini. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo vya taarifa na nyumba, ikabakiza sehemu kubwa ya sheria. Tanzania haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Ina madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na ina kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinachoadhibu kulala pamoja kinyume na maumbile kwa hadi kifungo cha maisha. Anayehesabu mambo hayo mawili pamoja haendi dawatini.

Tena mtesaji si lazima awe mpenzi. Pwani, kama bara, wapo wanaopigwa na kaka zao, wanaofungiwa vyumbani na baba, wanaopelekwa kwa mganga au kwa mchungaji wakatolewe pepo, na wasichana wanaoozwa haraka haraka baada ya ujumbe kuonekana kwenye simu. Sheria ile ya 2015 imeitaja ndoa ya kulazimishwa kuwa ni dhuluma, na watu wa familia wamo katika uhusiano unaohesabika. Mombasa, shirika la PEMA Kenya kwa miaka mingi limekuwa likiwakalisha mashehe na wachungaji pamoja na watu wanaowahubiri vibaya, ingawa Februari 2010 kundi la watu lilivamia kliniki pale Mtwapa, jirani ya mji huo, kwa uvumi wa harusi ya jinsia moja. Mazungumzo hayo hayalengi kubadilisha tafsiri ya maandiko. Shehe anaweza kubaki na msimamo wake wote na bado akamwambia mzazi kwamba kumpiga mwana hadi azimie si dini.

Kuna desturi yetu moja nzuri ambayo hapa hugeuka hatari, nayo ni kikao. Kijana akimweleza mzee wa mtaa au mchungaji kwamba anadhulumiwa, jambo la kwanza linalomjia mzee ni kuita pande zote mbili na wazazi wao wasuluhishwe. Kwa nia njema kabisa, mzee ametimiza tishio la nitakuanika kwa niaba ya mtesaji. Wahudumu wenye uzoefu hawaiti kikao. Humuuliza manusura nani tayari anajua, na humwacha yeye aamue nani ataambiwa nini. Humsaidia kuhamishia ujumbe wa vitisho kwenye simu ya mtu anayemwamini, kwa sababu ndio ushahidi, na kwa sababu simu yake huenda ikavunjwa kesho. Hutafuta pamoja naye mahali pa kuweka kitambulisho, dawa na nauli nje ya nyumba ile. Na kabla ya kukata simu humuuliza ni saa ngapi wampigie tena, na mwingine akipokea, waseme wanatoka wapi.